Nguzo za Vilimani na Watu wa Taa

Mwenye kupanda vilima vya Uingereza, viwe vile vya chokaa vya kusini au majabali ya Uskochi yaliyofunikwa na ukungu, aghalabu hukuta kileleni nguzo fupi ya zege iliyosimama peke yake. Kimo chake ni kama futi nne, humfika mtu mzima kifuani. Chini ni pana na juu imepungua. Ubavuni ina bamba dogo la madini lenye namba, na kichwani ina duara la shaba lenye mifereji mitatu inayokutana katikati. Haina jina la mfalme wala la aliyekufa vitani. Mgeni asiyejua huiegemea, akamimina chai kutoka chupa yake, akatazama mandhari, kisha akateremka bila ya kujiuliza ni nani aliyeupandisha mzigo ule, kiasi cha robo tatu ya tani, hadi mahali ambapo hata kondoo hufika kwa tabu.

Nami nilikuwa mgeni wa namna hiyo siku nilipofikishwa juu ya Ivinghoe Beacon, kilima cha mita 233 huko Buckinghamshire, ambacho jina lake lakumbusha mioto ya ishara ya zamani. Mwenyeji wangu, mtu mzima aliyekwisha kustaafu, alikuwa na kifaa cha setilaiti mkononi na daftari mfukoni. Tulipofika juu hakutazama mandhari kwanza. Aliinama ubavuni mwa nguzo akasoma namba, akaiandika pamoja na saa na hali ya nguzo yenyewe: rangi inabanduka, ufa hakuna, shaba ya juu ipo. Kisha akaweka kiganja juu yake, kama mtu anayemsalimu mzee aliyeketi barazani, ndipo akageuka kuitazama nchi. Nilicheka kidogo, kwa adabu. Miaka imepita tangu siku ile, na sasa naona kuwa yeye ndiye aliyejua alikwenda kuona nini.

Mchezo wake una asili mbili zilizokuja kukutana. Ya kwanza ni ya wapanda vilima wa Uingereza, ambao walikuwa wakizihesabu nguzo hizi na kuzitembelea moja moja tangu siku za ramani ya karatasi na dira. Ya pili yajulikana mpaka tarehe yake. Hadi mwanzoni mwa Mei 2000, serikali ya Marekani ilikuwa ikiyavuruga kwa makusudi mawimbi ya setilaiti zake ili raia wasipate kipimo sahihi, na mwenye kifaa aliweza kukosea hata mita 100. Rais Clinton akaamuru mvurugo ule uondolewe. Tarehe 3 Mei, mtu mmoja aitwaye Dave Ulmer akaficha ndoo katika kichaka karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon, akatangaza namba za mahali pale ili mwenye kuweza aende akaitafute. Ndani mlikuwa na vitabu, kanda za video, manati, na kopo la maharage. Haikupita wiki watu wakaifikia. Hivyo ndivyo ulivyozaliwa mchezo ambao Waingereza huuita geocaching, nasi hapa tuuite jiokashi: kufichua vibweta vilivyofichwa porini, mijini, chini ya madaraja na, khasa, vilimani. Sharti lake ni jepesi. Ukichukua kitu, weka kitu. Kisha andika jina lako katika kijidaftari kilichomo.

Haukupita muda wasaka vibweta na wahesabu nguzo wakakutana juu ya kilele kimoja. Huko Marekani alama za wapimaji ardhi ni visahani vidogo vya shaba vilivyogongomewa juu ya miamba na kuta, navyo viliingizwa katika orodha ya mchezo kwa mamia ya maelfu. Mtandao mkuu wa jiokashi uliifunga orodha ile mwanzoni mwa 2023, na wapenzi wa alama wakalalamika kama watu waliobomolewa baraza yao. Uingereza waliendelea, kwani wao walikuwa na daftari zao mbali. Mwaka 2016 iliripotiwa kuwa mtu mmoja amezitembelea nguzo zote zilizosalia, zaidi ya 6,000, na kazi hiyo ilimchukua zaidi ya miaka kumi.

Hapa msomaji wa pwani atauliza: nguzo yenyewe ilikuwa ya nini? Jawabu analo mwenyewe, kama amewahi kutoka na wavuvi. Mvuvi anayeujua mwamba wake wenye samaki hauoni mwamba, kwani umo chini ya maji. Anachokiona ni nchi kavu. Hupiga makasia mpaka mnara wa msikiti ukae juu ya mnazi fulani upande huu, na ncha ya kisiwa ilingane na kilima fulani upande ule; mistari miwili ikikutana, hapo ndipo pa kutia nanga. Mpima ardhi hufanya vivyo hivyo, ila hutumia pembe. Akishaupima kwa uhakika urefu wa mstari mmoja tu juu ya ardhi, huweza kusimama ncha moja ya mstari, kisha ncha ya pili, akapima pembe za kukitazamia kilima cha tatu, na hesabu ikamwambia umbali wake bila ya kuburura mnyororo mabondeni. Kilima cha tatu nacho humpa cha nne, na cha nne cha tano. Nchi nzima hufumwa kwa pembetatu kama jarife. Kilimanjaro yenyewe haikupimwa kwa kamba iliyoteremshwa kutoka kileleni: ile mita 5,895 ambayo kila mtoto wa skuli aijua yatokana na upimaji wa 1952, nayo setilaiti za 2008 ziliipunguza hadi 5,891, ingawa vitabu vingi vimebaki na ya zamani.

Uingereza walilisuka jarife lao la kwanza baina ya 1791 na 1853. Lilikuwa kazi kubwa, lakini ramani zilizotokana nalo zilichorwa mkoa kwa mkoa, kila sehemu na mwanzo wake, na zilipokutanishwa mipakani hazikukubaliana. Barabara iliyotoka mkoa mmoja haikuikuta nafsi yake katika mkoa wa pili. Mwaka 1935 idara ya ramani ya nchi hiyo, Ordnance Survey, ikaamua kuanza upya, na kazi ikakabidhiwa afisa wa jeshi la wahandisi aliyeitwa Martin Hotine. Yeye ndiye aliyeibuni nguzo ile. Ile mifereji mitatu ya shaba ilikuwa ya miguu mitatu ya theodolaiti, chombo cha kupimia pembe: kila atakayekuja kupima, leo au baada ya miaka thelathini, chombo chake kikae pale pale bila ya kupungua wala kuzidi unywele. Pembe ya kwanza ilipimwa Cold Ashby, Northamptonshire, tarehe 18 Aprili 1936. Vita vikaingia kati, kazi ikarejewa, na ya mwisho ikapimwa juu ya Thorny Gale, Cumbria, tarehe 4 Juni 1962. Nguzo zilizojengwa zilikuwa kiasi cha 6,500. Saruji, mchanga na maji vilipandishwa kwa farasi na kwa migongo ya watu. Moja imo juu ya Ben Nevis, mlima mkubwa kuliko yote ya kisiwa kile. Nyingine, Little Ouse, imo katika nchi tambarare ya mashariki, chini kidogo ya usawa wa bahari. Hiyo ya pili huwafurahisha sana wahesabuji, kwani ni nguzo ya kilele isiyo na kilele.

Kisha setilaiti zikaja, na nguzo zikakosa kazi. Jarife zima la Hotine lilikuwa sahihi kwa kiasi cha mita 20 kutoka ncha moja ya nchi hadi nyingine. Vipokezi vya kisasa vya idara ile ile, ambavyo idadi yake yazidi kidogo mia moja, vyaweza kupata milimita tatu. Nguzo nyingi zikaachwa. Nyingine ziling'olewa na wakulima, nyingine zikaporomoka baharini pamoja na majabali yaliyoliwa na mawimbi. Katika miaka ya 1990 idara iliwaruhusu wananchi kuzilea, mtu au jumuiya moja ikaichukua nguzo yake, ikaipaka chokaa na kuziba nyufa zake. Wale wenye daftari, wanaopanda kwa ajili ya kuandika namba tu, ndio wanaojua hii leo ipi ingalipo na ipi imekwenda. Mambo kama haya huonekana ni upuuzi wa wenye nafasi, na pengine ni upuuzi kweli. Lakini serikali iliyozijenga haina tena mtu wa kuzipandia kila mwaka, nao wanapanda bila ya kulipwa.

Sasa niseme kilichonifanya nikamate kalamu. Hotine hakuanza kazi yake juu ya vilima vya Northamptonshire. Baina ya 1931 na 1933, miaka michache kabla ya nguzo ya kwanza, alikuwa Tanganyika na Rhodesia ya Kaskazini, akipima mlolongo wa vilima upande wa mashariki wa Ziwa Tanganyika. Mlolongo ule ulikuwa kipande cha kazi kubwa kuliko ile ya Uingereza. Mwaka 1879, David Gill, mnajimu wa serikali katika Rasi ya Tumaini Jema, alitoa rai kuwa Afrika ipimwe kutoka kusini hadi kaskazini kando ya longitudo ya 30 mashariki, kwa pembetatu zinazoshikana mikono, ili ulimwengu ujue umbo halisi la dunia. Fikra yenyewe ilikuwa kongwe. Khalifa al-Maamun aliwatuma wanajimu wake katika uwanda wa Sinjar, karne ya tisa, wapime urefu wa nyuzi moja ya dunia. Na al-Biruni, karne mbili baadaye, alipanda kilima cha Nandana katika Bara Hindi, akapima ni kwa kiasi gani upeo wa macho huinama chini, akaipata kwa hesabu nusu ya kipenyo cha dunia yote. Gill alichoongeza ni ukubwa: kutoka Buffelsfontein, kusini ya Afrika, mpaka Misri, karibu nyuzi 65. Kazi ilimalizika 1954, jeshi la Marekani lilipoziba pengo la mwisho Sudan. Gill alikwisha kufa miaka 40 nyuma.

Isidhaniwe kuwa ilikuwa elimu tupu. Mwaka 1894 wakubwa wa Ulaya waliandika katika mkataba kuwa longitudo ya 30 ndiyo mpaka baina ya Uganda na Kongo ya Mfalme Leopold, ilhali hakuna miongoni mwao aliyeweza kusimama mahali akasema: inapita hapa. Ramani za siku zile ziliyasogeza maziwa na milima kwa maili nyingi. Tume ya mpaka ikatumwa 1907, na wapimaji wake wakabaki 1908 na 1909 wakipima kiasi cha nyuzi mbili za mlolongo wa Gill huko magharibi ya Uganda. Wakaazi wa miteremko ya Ruwenzori walikuwa wakingojea, pengine bila ya kuambiwa, chombo cha miguu mitatu kiseme wao ni raia wa nani. Mwaka 1910 wakubwa wakakubaliana mpaka mwingine, ulioifuata mito na vilele.

Kupima kilima hadi kilima kunahitaji watu wawili, na hili ndilo jambo ambalo nguzo haisemi. Mmoja yuko huku na chombo. Wa pili yuko kilele cha mbali, maili thelathini au hamsini, ameshika kioo cha kurudishia jua mchana, au taa usiku, akiielekeza kwa yule wa kwanza bila ya kumwona. Akilala, hakuna kipimo. Ukungu ukiingia, hungoja siku tatu, wiki, zaidi. Hata Uingereza walikuwako watu wa taa. Vipimo vikuu vya Hotine vilifanywa usiku, na watu wale walikesha katika mahema juu ya vilele vyenye upepo. Katika nchi zetu kabla ya mtu wa taa walitangulia wapagazi waliochukua saruji, maji, chakula na masanduku ya vyombo, na wenye mashoka waliofyeka miti ya kileleni ili mwale upite. Mchana na usiku nukta ile ya mwanga ilikuwa ni mtu. Katika majedwali ya mlolongo utasoma jina la kilima, latitudo, longitudo na kimo. Jina la mpimaji limo katika utangulizi. Yule aliyekuwa mwanga, kazi yake imo ndani ya kila namba ya jedwali, na jina lake halimo.

Hotine alirudi kwao, akajenga nguzo zake, na baada ya vita, mwaka 1946, akapewa kuongoza idara mpya ya upimaji wa makoloni, ambayo ndiyo iliyotoa ramani nyingi za Afrika Mashariki, za visiwa vyetu hivi zikiwemo. Akafa 1968. Nguzo za kwao zina wapenzi wanaozipaka chokaa. Alama za mlolongo wake wa Tanganyika ziko vileleni, na nyingi hazina wa kuzitazama ila wachunga ng'ombe na warina asali.

Au wachimbaji. Huko Bara imeenea imani kuwa Wajerumani, waliposhindwa katika Vita vya Kwanza, walizika mali zao kabla ya kuondoka, na kwamba kila alama ya kale juu ya jiwe, kila msalaba uliochongwa, kila bikoni iliyo mbali na nyumba za watu, yaelekeza palipozikwa sanduku. Watu wazima wenye akili timamu hupanda usiku na sululu. Wala siwacheki. Aliyeona mgeni akipanda kilima kisicho na shamba wala maji, akakaa wiki nzima akichungulia ndani ya bomba, akajenga kitu cha saruji kisha akaondoka asirudi tena, ana haki ya kudhani kuwa kuna kitu kilichoachwa. Hakuna aliyemweleza kinyume. Kwa desturi ya wapimaji, chini ya nguzo kwa kweli huzikwa kitu: alama ya pili, kijiti cha chuma au nukta ndani ya zege, ili ya juu ikivunjwa mahali pasipotee. Mwenye sululu akiifikia ile ya chini akaing'oa naye akidhani ni mlango wa hazina, hapo ndipo mahali panapopotea kabisa, na kazi ya wapagazi na ya mtu wa taa imekwenda pamoja napo.

Nimewaza sana juu ya mambo haya mawili yanavyofanana. Mwingereza hupanda na kifaa chake akitafuta kibweta, akakuta ndani mwanasesere, sarafu, na kijidaftari chenye majina ya waliomtangulia, akaandika lake. Kijana wa Bara hupanda na sululu akitafuta sanduku, akakuta zege. Wote wawili wamefikishwa na alama moja ya mtu mmoja. Lau huyu wa pili angejua kuwa jiwe lile ni tundu moja la jarife lililotandwa kutoka Rasi hadi Misri, na kwamba pengine babu yake ndiye aliyelibeba, sijui kama angeshusha sululu. Lakini angalau angechagua.

Wako wapimaji wa ardhi waliokwisha kulifikiri hilo kwa upana zaidi. Mwaka 2005 UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mlolongo wa Struve, uliopimwa baina ya 1816 na 1855 kutoka Norway hadi Bahari Nyeusi, ukipita sasa katika nchi kumi. Pointi 34 zilichaguliwa, nyingine zikiwa tundu tu katika mwamba. Tangu hapo imetolewa rai kuwa mlolongo wa longitudo ya 30 uungwe nao, maana ile ya Afrika ndiyo iliyoendelea kusini pale ile ya Ulaya ilipokomea. Rai ni rahisi kuitoa. Kwanza lazima ijulikane ni mawe yapi yangalipo, na hilo halijulikani mezani. Lajulikana kwa kupanda.

Vijana wetu wana simu ambazo zawaonyesha walipo kwa kukosea mita chache, jambo ambalo al-Maamun angelitoa nusu ya ufalme wake kulipata. Mwenye kutaka kuanza ayatafute majedwali ya zamani ya wapimaji, achague kilima kilicho karibu naye, aombe ruhusa ya wazee wa pale na awaeleze anachokwenda kukitazama, asije akadhaniwa naye anatafuta rupia. Tahadhari moja tu. Namba za majedwali yale ni za mfumo uitwao Arc 1960, uliopewa jina kwa mlolongo huu huu, na simu husoma mfumo mwingine. Baina ya mifumo miwili pana tofauti ya kiasi cha mita 300. Atakayezitia namba za zamani kama zilivyo, simu itamwambia amefika, naye atajikuta amesimama mteremkoni katikati ya majani, pasipo na jiwe wala alama. Asikate tamaa akateremka. Ageuke kusini, apande tena kidogo.